Matembezi ya jioni na sindano ya Shangazi

Binti yangu wa gredi ya 8 aliwahi kuniuliza swali lililonitoa jasho. Alikuwa amesoma kwamba huko Ulaya watu hungoja majira ya machipuko kwa hamu kubwa. Theluji ikishayeyuka na majani kuchipua, familia hutoka jioni pamoja na mbwa wao, zikatembea vilimani, na baadaye watu wakaketi nyumbani kushona mablanketi ya viraka. "Mama, sisi machipuko yetu huwa lini?" akauliza.

Sikuwa na jibu la papo hapo. Wengi wetu tunaoishi mijini tumesahau hata majira yetu wenyewe. Tunaijua mvua kwa sababu barabara zimefurika, na tunakijua kiangazi kwa sababu mifereji imekauka. Wenyeji wa Pwani hawajasahau. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, kaskazi nayo hushika zamu kuanzia Desemba hadi Machi. Katikati kuna kipindi kiitwacho tangambili, pepo zinapopokezana na jahazi likaweza kutweka tanga kwenda huku au kule. Tangambili ya mwisho wa mwaka huandamana na mvua za vuli. Vumbi hutulia, nyasi huchipua, mikorosho huanza kuzaa na njia nzima hunukia mabibo.

"Basi machipuko yetu ni hayo," nilimwambia. Shule zilipofungwa Novemba iliyopita nikafunganya virago, nikamchukua yeye na mdogo wake wa gredi ya 5, tukavuka kwa feri ya Likoni na kushika barabara ya Lunga Lunga hadi Msambweni kwa shangazi yangu. Nilidhani naenda kupumzika. Kumbe kulikuwa na kesi iliyokuwa ikitusubiri.

Mbwa waliobaki peke yao

Shangazi alikuwa ametoka edani miezi miwili nyuma. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10 baada ya kufiwa na mumewe. Hatoki ovyo wala hajipambi. Eda ilikwisha, lakini Shangazi hakutoka. Aliendelea kuketi barazani akisuka ukili tangu asubuhi hadi jioni. Ukimwambia atembee kidogo anyooshe miguu, hukujibu, "Niende wapi, mwanangu?"

Waliokuwa na msiba pamoja naye ni mbwa wawili, Askari na Bosi. Marehemu alikuwa na shamba la mihogo na mikorosho, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Kila jioni baada ya Alasiri alikwenda huko na mbwa wake kufukuza ngedere na nguruwe mwitu, halafu akarudi kwa njia ya ufuoni. Alipofariki hakuna aliyewachukua tena. Saa ile ile ya matembezi ilipofika, mbwa walikwenda langoni wakalia. Siku moja waliruka ua, wakazurura, wakakimbiza mbuzi wa jirani na kumjeruhi mmoja.

Jirani alikuja kwa heshima, akaeleza mashtaka yake, na Shangazi akalipa. Lakini usiku ule tuliofika, alituambia kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi kuna mtu atakuja kuwaondoa mbwa hao.

"Kuwaondoa kuwapeleka wapi, Bibi?" mwanangu wa kiume akauliza.

Shangazi hakujibu. Aliinamia ukili wake. Mtoto alielewa, na chakula kikamshinda. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, kwa hivyo tulikuwa na siku sita.

Adabu kwanza

Kesho yake nikamwomba Shangazi ruhusa watoto wawatembeze mbwa jioni. Hakukataa, ila aliweka masharti, na naomba nawe msomaji uyazingatie unapotembea na mbwa mahali popote pa Pwani yetu.

Uislamu haukatazi mbwa wa kulinda shamba, wa kulinda mifugo au wa kuwinda. Hata hivyo, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi huku, mate na majimaji ya mbwa ni najisi. Kilichoguswa huoshwa mara 7, na mojawapo huwa kwa maji yaliyochanganywa na mchanga. Mtu aliyetia udhu, aliyevaa kanzu safi na yuko njiani kwenda msikitini, hapendi mbwa wako amrukie hata kama unaona ni mchezo tu. Kwa hivyo watoto walipewa nguo maalumu za matembezi. Njia ya msikitini waliikwepa. Mbele ya baraza penye watu walipita upande wa pili, kamba imefupishwa mkononi. Na wakirudi, miguu na mikono ilioshwa uani kabla ya kuingia ndani.

Sharti la pili lilikuwa langu: chanjo. Nilipouliza cheti, kililetwa kikiwa kimekunjwa ndani ya kitabu cha hesabu za korosho, na muda wake ulikuwa umepita. Tukamwita daktari wa mifugo, akawachanja wote wawili siku hiyo hiyo. Usilichukulie jambo hili kwa mzaha. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Kenya ilijiwekea mpango wa kitaifa mwaka 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na nguzo yake kubwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Mtoto wako akiumwa au akikwaruzwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Usipake majivu, wala usingoje kuona mbwa atafanya nini.

Basi tukatoka saa kumi jioni. Watoto mbele na mbwa wao, mimi nyuma yao. Hatukufika mbali nikasikia ndara zikiburuzwa. Nikageuka. Shangazi alikuwa amejitanda leso, bakora ya marehemu mkononi, hatua ishirini nyuma yetu.

"Msinitazame," akasema. "Sitaki watoto wa watu wapotee, basi."

Ulikuwa mara yake ya kwanza kupita lango lile kwa zaidi ya miezi sita. Hatukusema neno.

Saa ya maji

Mbwa ndio waliotuongoza. Walituingiza shambani, wakazunguka mihogo mara moja, wakabwekea ngedere juu ya mkorosho, halafu wakashika kijia cha ufuoni bila kuuliza mtu. Tulipofika tukakuta ufuo mpana, mchanga mgumu, na maji yako mbali. Haikuwa bahati. Shangazi alikuwa ametazama mwezi.

Wengi wa wageni wa Diani hufika pwani saa kumi, wakakuta mawimbi yanagonga kuta za hoteli na hakuna pa kukanyaga. Hawajui kuwa bahari ina ratiba. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti yake hupita mita 3. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alasiri na hupwa kama saa nne asubuhi. Kila siku ipitayo, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya siku 7 mwezi huwa nusu, na hapo ni maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa hupungua hadi karibu mita moja, na saa ya kupwa huangukia alasiri ile ile ya saa kumi.

Kwa hivyo, ewe unayetaka matembezi ya jioni, chagua siku za mwezi nusu. Ukienda wakati wa bamvua, tembea asubuhi. Jambo hili halihitaji simu wala kitabu, ni kuinua macho tu usiku uliotangulia.

Jingine la kukumbuka ni joto. Weka kiganja chako juu ya mchanga au lami. Ukishindwa kukiacha kwa muda wa kuhesabu hadi tano, mbwa naye ataungua nyayo. Beba maji matamu na kibakuli, kwa maana mbwa mwenye kiu hunywa maji ya bahari, akatapika na kudhoofika. Mkague kupe mnaporudi, masikioni na katikati ya vidole. Na mchunge sana penye wavuvi. Samaki aitwaye bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, ana sumu kali, na wavuvi wakimpata humtupa ufuoni. Mbwa akimla, au hata akimtafuna tu, huenda asifike nyumbani. Askari alimnusa mmoja jioni ya pili, na Shangazi aliyekuwa haongei na mbwa akapiga ukelele, "Acha!" Mbwa akaacha. Mwanangu alicheka hadi akaketi chini.

Wenye pwani si sisi tu

Kamba ya mbwa haikuwekwa kwa sababu ya binadamu peke yao. Kasa hupanda fuo za Diani, Galu na Msambweni usiku kutaga. Kiota kimoja huweza kuwa na mayai zaidi ya 100, na huchukua karibu miezi miwili kuanguliwa. Mbwa aliyeachiliwa hufukua kiota kizima kwa dakika chache. Ukiona mahali pamewekewa vijiti au alama, pita mbali na uvute kamba.

Huko Diani kuna mbega, yule mwenye manyoya meupe marefu mabegani, aishiye katika vipande vya msitu vilivyobaki kati ya nyumba na hoteli. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ya Diani ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Lakini mbega akishuka chini, mbwa ni hatari kama gari.

Pia kuna mahali ambapo mbwa hapelekwi kabisa. Hifadhi ya Shimba Hills ni mojawapo. Huko ndiko pekee nchini Kenya palahala wanakopatikana porini, na ndovu nao wapo. Usimpeleke Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kaya ina wazee wake na miiko yake. Mgeni huingia na mwongozaji, amejifunga kaniki, na hachukui hata jani. Vivyo hivyo Msikiti wa Kongo, kule mto Mwachema unapoingia baharini upande wa kaskazini wa Diani, msikiti wa kale wa mawe ulio kati ya mibuyu. Hapo ni mahali pa ibada hadi leo. Mbwa akae mbali.

Ukitaka jioni isiyo na mbwa, pitia Gazi, kaskazini mwa Msambweni, ambako akina mama wamejenga njia ya mbao kupita ndani ya mikoko. Kijiji hicho ndicho chenye mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa kaa tangu miaka ya 2010 na kutumia mapato kwa maji na shule.

Banda la wavuvi

Jioni ya tatu mbwa walitusimamisha mbele ya banda moja la makuti ufuoni. Wakalala chini, ndimi nje, kama waliofika kituoni. Tulijaribu kuwavuta, wapi! Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakainua vichwa, wakamwona Shangazi, na wote wakasimama.

Ndipo tukajua. Marehemu alikuwa akiketi pale kila jioni kabla ya Magharibi. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vidogo vikashindwa kutoka, alikuwa akiwaletea mihogo na hakudai kitu. Shangazi, aliyeishi naye miaka zaidi ya 30, hakuwa akijua. Mara nyingi alimlaumu kwa kuchelewa.

Walimpa kigoda akaketi. Ufuo wetu unatazama mashariki, hivyo jua huzama nyuma yako, juu ya minazi, na bahari ikageuka rangi ya zambarau. Tulikaa hadi adhana ikasikika kwa mbali. Njiani kurudi hakusema kitu ila alikuwa ametupita, yuko mbele na bakora yake, na mbwa ubavuni pake.

Sanduku la leso

Usiku ule, baada ya Isha, Shangazi akaburuza sanduku kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na leso, nyingine zimefifia hadi maua hayaonekani, pamoja na kikoi cha marehemu. Binti yangu aliyekuwa bado na blanketi lake la viraka kichwani akaona bahati imemwangukia. "Bibi, tuzikate tushone?"

Nilimkata jicho. Leso ya mtu aliye katika huzuni si kitambaa cha kuchezea. Mwanamke wa Pwani huvikwa leso anapozaliwa, hubeba mtoto kwa leso, na hufunikwa kwa leso. Lakini Shangazi aliuliza tu, "Mtazikata vipi?"

Nikamkumbusha jambo ambalo ni haki yetu kulijua. Leso yenyewe ilianza kama viraka! Neno lenyewe ni la Kireno, likimaanisha kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na mwambao walinunua vitambaa hivyo vikiwa sita, bado havijakatwa, wakavigawa vitatu vitatu, kisha wakaviunga pamoja kuwa vazi moja. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaanza kuchapisha kitambaa kizima chenye pindo na mji. Maandishi, yaani jina la leso, yalifuata mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa hiyo hupewa duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililofunguliwa mwaka 1887 na ambalo leso zake hujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Na mkeka tunaoukalia, je? Nao ni shupatu refu la ukili lililoshonwa ubavu kwa ubavu. Kwa hivyo tusidhani kazi ya kuunga vipande ni ya Wazungu.

Shangazi akacheka kidogo. Akatenga leso tano za kukata. Ya sita, aliyoletewa na marehemu, akaishika kwa muda. Jina lake lilisema: WEMA HAUOZI. "Hii msiikate," akasema. Halafu baada ya kitambo, "Au ikateni, lakini jina libaki zima. Jina halikatwi."

Namna ya kushona

Njia tuliyoitumia ni rahisi, haitaki cherehani wala pamba ya kujazia. Inafanana na ile ya Masiddi wa jimbo la Karnataka, India, ambao ni vizazi vya Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi karne zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona blanketi la nguo kuukuu liitwalo kawandi, na hadi leo huanzia pembeni wakimalizia katikati.

Utahitaji shuka kuukuu la msingi, leso au nguo za pamba zilizochakaa, uzi imara, sindano, mkasi, subana ya kukinga kidole na pasi. Kwanza fua vitambaa vyote, na leso mpya ifuliwe peke yake kwa sababu hutoa rangi. Vikauke, vipigwe pasi. Kata viraka vya ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa. Si lazima vilingane.

Tandika msingi sakafuni na kunja ukingo wake ndani kwa upana wa nusu inchi. Weka kiraka cha kwanza pembeni kabisa, kingo zake za nje nazo zikunjwe ndani. Sasa piga bandi, sindano ikichungulia juu na chini, mshono usizidi punje ya mchele. Kiraka kinachofuata kikalie cha kwanza kwa upana wa kidole, na ukingo wake ukunjwe chini ili nyuzi zisichanike. Endelea hivyo kuzunguka pande zote nne. Ukikamilisha duru moja, ingia ndani kidogo uanze nyingine. Mistari ya bandi ikiachana kwa upana wa kidole, blanketi litakuwa imara na zito kiasi. Hatimaye utafika katikati, na hapo huwekwa kile ukipendacho zaidi.

Anza na dogo, la mita moja kwa sentimita 75, la kumfunika mtoto. Hata hilo litakula jioni nyingi. Usitazame mshono uliopinda. Huko Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi jimboni Alabama, wanawake walishona mablanketi ya suruali za kazi zilizochakaa ili watoto wasipigwe na baridi, tena bila kupima kwa rula. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, na watu wakapanga foleni kuyatazama.

Sisi tuliketi mkekani wote wanne, kila mmoja na upande wake. Mwanangu wa kiume alijidunga mara tatu usiku wa kwanza na akataka kuacha. Shangazi akamvisha subana yake mwenyewe. Cha kushangaza ni kwamba mikono ikiwa na kazi, midomo hufunguka. Watoto ambao mjini kila mmoja huzama katika simu yake walisimuliwa jinsi Shangazi alivyoposwa, na mwaka ambao mihogo yote iliisha kwa nguruwe hadi marehemu akaleta nyumbani mbwa wa kwanza, naye akasusa siku mbili.

Jumamosi

Jumamosi yule mtu alikuja asubuhi. Mwanangu alikuwa amelala nje kwenye baraza, kamba zote mbili zimefungwa kifundoni mwa mkono wake. Shangazi alitoka, akamkaribisha mgeni chai na mahamri, akamlipa nauli yake. "Nimebadili nia," akamwambia.

Lakini kubadili nia peke yake hakufungi mbuzi wa jirani. Sisi tungeondoka baada ya wiki moja, na hao mbwa wangerudi kule kule langoni. Jioni hiyo Shangazi mwenyewe alikwenda kwenye banda la wavuvi, akazungumza na kijana mmoja aliyekuwa akitafuta pa kulima. Wakaafikiana. Kijana atalima nusu ya shamba la mihogo, na kwa malipo hayo atawatembeza mbwa kila jioni na kulinda pande zote mbili za shamba. Mchana watafungwa kwenye kibanda chenye kivuli na maji. Jirani aliitwa, akaonyeshwa vyeti vya chanjo na kibanda, akaridhika. Alisema tangu mwanzo hakutaka mbwa wafe, alitaka tu mbuzi wake wapone.

Kuna funzo hapo kwa sisi tunaofuga mbwa mijini. Mbwa anayezurura mara nyingi si mbaya, bali hana mtu wa kutoka naye. Ukishindwa kumpa saa moja ya jioni, tafuta wa kumpa kabla hujamfuga, kwa sababu siku atakapofanya makosa, hukumu itamwangukia yeye.

Blanketi hatukulimaliza. Tulifika nusu, tukaliacha. Mwezi uliopita likaja kwa matatu, limefungwa kwa gazeti. Pembe moja ni ya kikoi cha marehemu. Upande wa mwanangu mishono imekwenda kama nyayo za kaa, na Shangazi hakuifumua hata mmoja. Katikati, jina zima: WEMA HAUOZI.

Nikampigia simu kumshukuru. Nilisikia upepo mkali na sauti za watu.

"Uko wapi, Shangazi?"

"Niko ufuoni, mwanangu. Hebu niwache kwanza, maji yanajaa na hawa mbwa wako hawataki kurudi. Nitakupigia baada ya Isha."

Basi, mpenzi msomaji, usiku wa leo utazame mwezi. Ukikaribia nusu, tafuta ndara zako.